Daraja Letu Limesimama Juu ya Nini?



Daraja unalivuka kila siku. Unalivuka ukienda shambani, ukienda mnadani, ukimpeleka mgonjwa zahanati. Watoto wanalivuka asubuhi na jioni. Lori la mazao nalo linapita hapo hapo. Ukiwa mtu mwangalifu, unatazama mbao za juu kama zimeoza, au zege kama lina ufa. Halafu unaendelea na safari yako.

Lakini je, umewahi kujiuliza daraja lenyewe limesimama juu ya nini?

Swali hili tuliliuliza siku moja katika darasa la kisomo, kijiji kimoja kilicho kando ya mto. Wanakisomo walicheka. Mama mmoja alijibu, "Limesimama juu ya nguzo, Mwalimu." Na nguzo zimesimama juu ya nini? "Ziko ndani ya maji." Na chini ya maji kuna nini? Hapo darasa lilinyamaza.

Baadaye mzee mmoja aliyekaa nyuma akaomba kusema. Alisema kwamba daraja lile lilipojengwa yeye alikuwa kijana, naye alikuwa kibarua wa kubeba mawe. Upande wa huku walipochimba walikuta mwamba, wakajenga nguzo juu yake. Upande wa ng'ambo mwamba haukuonekana. Walichimba mpaka maji yakawashinda, basi wakajenga hivyo hivyo juu ya changarawe na mchanga.

Tulishangaa sana. Tulikuwa tumelivuka daraja lile miaka kadhaa bila kujua neno hilo. Tulipokwenda kuulizia ofisini kama ipo ramani ya daraja, tuliambiwa haipo. Waliotangulia hawakuiacha, au iliachwa ikaliwa na mchwa. Kumbe habari ya msingi wa daraja lile ilikuwa imehifadhiwa mahali pamoja tu: katika kichwa cha mzee mwenye umri wa zaidi ya miaka 80.

Ndiyo sababu leo tunaandika habari za madaraja ya zamani.

MAJI YANACHIMBAJE?

Watu wengi hudhani daraja huvunjwa na maji kwa kusukumwa. Mto unajaa, maji yanalipiga daraja, daraja linakwenda. Mambo hayo hutokea. Lakini madaraja mengi yaliyoanguka kwa sababu ya mafuriko hayakusukumwa. Yalichimbwa. Maji yalikula udongo chini ya msingi, na nguzo ikabaki haina pa kukanyaga.

Jambo hili unaweza kulijaribu mwenyewe. Simama bila viatu ufukweni, au kwenye kijito chenye mchanga ambacho maji yake hayapiti kifundo cha mguu. Usisogee. Baada ya muda mfupi utasikia mchanga unaondoka chini ya visigino. Mguu unazama. Ukiendelea kusimama, unayumba. Hakuna aliyekusukuma. Maji yameondoa kile ulichokanyaga.

Nguzo ya daraja ni mguu kama huo. Maji yakija kwa kasi yakakuta nguzo, hayawezi kupita katikati yake. Mengine yanazunguka kushoto na kulia. Mengine yanateremka chini mbele ya nguzo, yanafika kwenye mchanga, yanazunguka kama kizingia na kuupeleka mchanga mbali. Hapo panatokea shimo. Mara nyingi shimo hilo huwa refu zaidi upande wa nguzo unaotazama maji yanakotoka, wala si upande wa nyuma kama wengi wanavyofikiri.

Shimo linakuwa na kina gani? Wataalamu wamepima jambo hili kwa miaka mingi. Nguzo ya mviringo iliyosimama kwenye mchanga inaweza kuchimbiwa shimo la kina cha mara mbili ya unene wake, au zaidi kidogo. Tupige hesabu. Tuseme nguzo yetu ina unene wa mita 1. Shimo linaweza kufika mita 2. Sasa tuseme wajenzi waliuchimbia msingi mita 1 na nusu tu chini ya mchanga. Toa moja na nusu katika mbili. Inabaki nusu mita. Maana yake ni kwamba maji yamepita chini ya msingi nusu mita nzima, na msingi unaning'inia.

Hesabu hiyo ni ya nguzo peke yake, ikiwa safi. Gogo likija na maji likanasa kwenye nguzo, na matawi na majani yakanasa kwenye gogo, nguzo inakuwa kama imenenepa. Kwa maji, nguzo ya mita 1 yenye takataka za mita 3 ni nguzo nene. Shimo nalo linakuwa kubwa zaidi. Kwa hiyo gogo lililonasa darajani si kuni za bure za kungojewa hadi kiangazi.

Kuna kuchimba kwa namna nyingine pia. Ukiubana mto mpana upite katika mlango mwembamba, maji hukimbia, kama unavyobana mdomo wa mpira wa kumwagilia. Daraja fupi kwenye mto mpana hufanya hivyo hivyo, na mchanga wote chini ya daraja hushuka. Tena mto wenyewe huweza kuhama. Wakulima wa mabondeni wanajua: mwaka huu mto unakula shamba la huyu, mwaka kesho unakula la yule. Mto ukihama, nguzo iliyojengwa pembeni, mahali pakavu, pasipo msingi mrefu, hujikuta katikati ya maji. Tena mara nyingi maji hula tuta la barabara linaloingia darajani, daraja likabaki limesimama peke yake kama kisiwa.

SHIMO LINALOJIFICHA

Sasa tunafika kwenye jambo linalowadanganya hata wakaguzi.

Shimo huwa refu kuliko siku zote wakati mafuriko yamefika kileleni. Wakati huo nani atachungulia? Maji ni mengi, ni machafu, yanakimbia. Mafuriko yakianza kupungua, kasi inapungua, na maji hayawezi tena kubeba mchanga wote. Yanautua. Mchanga unatua wapi? Unatua ndani ya lile shimo. Wiki moja baadaye ukienda mtoni, unaona mchanga umelala sawasawa kuzunguka nguzo. Unasema, "Daraja letu halikudhurika."

Kumbe mchanga ule ni mgeni. Haukushindiliwa. Ni kama udongo uliorudishwa kwenye shimo la taka: unauona umejaa, lakini ukikanyaga unatitia. Mafuriko mengine yakija, huo ndio utakaoondoka kwanza. Kwa hiyo daraja lililovumilia mafuriko matatu halijathibitisha kwamba litavumilia la nne. Huenda kila mara lilipoteza kidogo. Sisi tumekuwa tukisikia wazee wakisema, "Daraja hili tumelikuta, nalo halijafanya neno." Tunawaheshimu wazee, lakini kwa habari hii hatukubaliani nao.

MADARAJA MAWILI YA MTO MMOJA

Huko Marekani, katika jimbo la New York, uko mto uitwao Schoharie. Barabara kubwa ilivuka mto huo kwa daraja lililoanza kutumika miaka ya 1950. Misingi ya nguzo zake ilikuwa mifupi, imekaa juu ya udongo mgumu wa changarawe, haikushuka mbali. Mawe makubwa yaliwekwa kuizunguka ili kuilinda. Miaka ikapita. Mafuriko yakawa yanayaondoa mawe hayo kidogo kidogo, na hayakurudishwa inavyotakiwa.

Tarehe 5 Aprili 1987 asubuhi, mto ukiwa umejaa kwa mvua na theluji iliyoyeyuka, nguzo moja iliingia katika shimo lililochimbwa chini yake. Sehemu ya barabara ilianguka na nguzo. Magari yaliyokuwa yakija hayakujua. Gari dogo, lori, na mengine tena yakatumbukia. Watu 10 walikufa.

Sasa sikilizeni habari ya daraja la pili. Mto huo huo, kilometa chache upande wa juu, lilikuwapo daraja jingine. Wakubwa wa barabara waliogopa kwamba msingi wake nao umeliwa na mafuriko yale yale. Wakalifunga. Bila shaka wako waliolalamika kwa kuzungushwa njia ndefu, maana daraja lilikuwa linaonekana limesimama vizuri. Siku sita baada ya ajali ile, sehemu kubwa ya daraja hilo la pili ilianguka. Hakufa mtu hata mmoja, kwa sababu hapakuwa na mtu juu yake.

Baada ya msiba huo serikali ya Marekani iliagiza kila daraja linalovuka maji likaguliwe: je, msingi wake unaweza kuliwa? Hapo ndipo aibu ilipojitokeza. Kwa maelfu ya madaraja hakuna aliyeweza kujibu. Mengi yalikuwa ya vijijini, yalijengwa zamani, na karatasi zake zilipotea, ziliungua, au hazikuandikwa kabisa. Hata baada ya mwaka 2000 nchi hiyo tajiri ilikuwa bado na madaraja zaidi ya 60,000 juu ya maji ambayo misingi yake haijulikani. Basi tusijione sisi tu ndio tuliopoteza makaratasi.

MCHANGA WA KUJENGEA NYUMBA

Habari ya pili inatoka Ureno, nayo inatugusa zaidi sisi tunaojenga nyumba za tofali.

Katika mto Douro, mahali paitwapo Entre-os-Rios, lilikuwapo daraja la chuma lililojengwa miaka ya 1880 likiwa na nguzo za mawe. Kwa miaka mingi watu walichota mchanga katika mto huo kwa ajili ya ujenzi. Mchanga unatakiwa, na fedha inatakiwa. Lakini kitanda cha mto kikawa kinashuka. Nguzo zilizochimbiwa vizuri na babu zao zikabaki na mizizi mifupi, ingawa hakuna aliyezigusa.

Usiku wa tarehe 4 Machi 2001, baada ya majira ya mvua nyingi, nguzo moja ilianguka. Basi lililojaa watu waliokuwa wanarudi kutoka matembezini lilitumbukia mtoni, pamoja na magari madogo matatu. Watu 59 walikufa. Waziri mwenye dhamana ya ujenzi alijiuzulu.

Tunaomba msomaji afikiri hapa. Ukichota mchanga mita 200 chini ya daraja, unasema, "Mimi niko mbali." Lakini mto haukubali shimo. Ukichimba shimo chini, mchanga wa juu unateremka kulijaza, na wa juu yake unateremka tena. Shimo linapanda mto, linakwenda mpaka darajani. Vijana wanaopakia matripu ya mchanga si watu wabaya, wanatafuta riziki. Lakini wakikubaliana na serikali ya kijiji mahali pa kuchota palipo mbali na daraja, hawatajikuta wakisomba mchanga uliokuwa unashikilia njia yao wenyewe.

WAVULANA WALIOONA MAJI YAMEBADILIKA

Habari ya tatu ndiyo tunayoipenda, kwa sababu haina kifo.

Kaskazini ya mji wa Dublin, nchini Ayalandi, reli inavuka mkono wa bahari mahali paitwapo Malahide. Njia hiyo ya reli ilifunguliwa mwaka 1844. Nguzo za daraja hazikusimama juu ya mwamba. Zilisimama juu ya tuta la mawe lililomwagwa baharini, ambalo maji ya kupwa na kujaa hupita juu yake kama maporomoko madogo. Kwa miaka mingi wafanyakazi wa reli walikuwa wanaongeza mawe kwenye tuta hilo, kwa maana walijua: tuta likiondoka, nguzo zimekwisha.

Halafu watu wale wakastaafu. Wakaja wengine. Ilifika wakati waliolisimamia daraja hawakujua tena kwamba nguzo zinategemea tuta. Waliokagua walizikagua nguzo, na nguzo zilikuwa nzuri.

Mwezi Agosti 2009 chama cha skauti wa majini wa mji huo, watu wanaocheza na mitumbwi hapo kila siku, waliona jambo. Maji yalikuwa hayapiti kama zamani. Mahali pamoja yalikuwa yanakimbia na kuzama kwa namna mpya. Wakatoa taarifa kwa watu wa reli. Mkaguzi alitumwa. Akaangalia nguzo, hakuona hatari, akarudi.

Siku chache baadaye, tarehe 21 Agosti jioni, dereva wa treni ya abiria akiwa anavuka aliona sehemu ya daraja inaanza kuporomoka majini. Alifaulu kupita, akapiga taarifa, na treni nyingine zikazuiwa. Urefu wa kama mita 20 wa reli ukabaki unaning'inia hewani. Hakuumia mtu. Njia ilifunguliwa tena Novemba mwaka huo huo.

Uchunguzi uliofuata ulisema mambo kadhaa, na moja lilikuwa hili: shirika lilikuwa limesahau. Kazi ya tuta la mawe ilikuwa inajulikana zamani, kisha ujuzi huo ukatoweka pamoja na watu. Tunaposoma maneno hayo tunamkumbuka yule mzee wetu wa nyuma ya darasa. Na mkaguzi yule hatumcheki. Alitazama alichokijua. Asiyejua daraja limesimama juu ya nini, hajui atazame wapi.

WATAALAMU HUJUAJE MSINGI USIOONEKANA?

Huanza kwa maneno matupu. Wanatafuta ramani, risiti za saruji, picha za zamani. Wanauliza waliojenga. Wanatazama madaraja mengine ya miaka ile ile na fundi yule yule, maana fundi ana mazoea yake.

Kama hapana jibu, wanachimba kando ya nguzo wakati wa kiangazi, kwa uangalifu, kidogo kidogo, wasije wakaiangusha wao wenyewe. Au wanatoboa kwa keekee ndefu kupitia nguzo yenyewe mpaka watokee chini, waone ni zege, ni mwamba, ni mchanga.

Iko pia njia ya kusikiliza. Umewahi kumwona mnunuzi akigonga tikiti kwa kidole? Anasikiliza. Wataalamu nao hugonga nguzo kwa nyundo. Mlio unateremka ndani ya nguzo, unafika mwisho wake, unarudi. Mashine inapima muda wa kwenda na kurudi, kisha wanapiga hesabu ya urefu. Njia nyingine ni kuchimba tundu jembamba kando ya nguzo, wakateremsha ndani yake chombo cha kusikia huku wakigonga daraja juu. Chombo kikiwa sambamba na msingi, mlio unafika upesi. Kikipita mwisho wa msingi, mlio unaanza kuchelewa. Pale unapoanza kuchelewa ndipo msingi ulipoishia. Ni ujanja mzuri, lakini una gharama, na madaraja ni mengi.

Kwa hiyo lazima kuchagua. Daraja lipi litazamwe kwanza? Hapa wataalamu huuliza maswali mawili kwa pamoja. La kwanza: ni rahisi kiasi gani kuliwa? Mto wa mchanga ni hatari kuliko mto wa mwamba. Mto wa mteremko mkali, mto unaohama, mto unaochotwa mchanga, mto ulioliwa tayari mafuriko yaliyopita, yote hayo huongeza hatari. Swali la pili: likianguka, hasara ni nini? Kama wanapita watu wachache na njia nyingine ipo karibu, linaweza kungoja. Kama ndilo njia pekee ya kwenda hospitali, au mabasi hupita usiku, haliwezi kungoja. Daraja linalojibu vibaya maswali yote mawili hutazamwa kwanza, hata kama msingi wake haujulikani. Na likiwa halijulikani, huhesabiwa kuwa ni dhaifu mpaka ithibitike vinginevyo.

Wakati wa kungoja fedha, kuna hatua za kuchukua: kumwaga mawe makubwa au kuweka mawe yaliyofungwa katika nyavu za waya, kuondoa magogo, na kuweka mlinzi wakati wa mvua mwenye ruhusa ya kufunga njia. Neno "ruhusa" ni kubwa. Mlinzi ambaye lazima apige simu kwa mkubwa, naye mkubwa apige kwa mkubwa wake, atalifunga daraja lililokwisha anguka.

SISI KIJIJINI TUFANYE NINI?

Kwetu Tanzania mafuriko hayajaacha kutufundisha. Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yaliharibu Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe. Mwezi Mei 2024, mvua kubwa na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika sehemu kadhaa za Kilwa, na abiria wakalala njiani. Wahandisi wa TANROADS, wenye barabara kuu na za mikoa, na wa TARURA, wenye barabara za vijijini na mijini tangu 2017, hawawezi kuwa kwenye kila mto kila siku. Wewe uko hapo kila siku, kama wale skauti.

Chukua daftari. Kazi ya kwanza ni kuwaandika wazee. Waulize waliojenga, waliobeba mawe, waliopika uji wa vibarua. Daraja lilijengwa mwaka gani? Kama hawakumbuki mwaka, lilijengwa kabla au baada ya njaa ipi, kabla au baada ya shule? Walichimba urefu wa watu wangapi? Walikuta nini chini? Je, walizamisha magogo au vyuma kabla ya kujenga? Andika jina la aliyesema na tarehe. Wazee wawili wakipingana, andika maneno ya wote wawili.

Kazi ya pili ni kupima. Tafuta kamba isiyovutika, funga jiwe la kilo mbili hivi, na upige fundo kila nusu mita. Wakati wa kiangazi, simama juu ya daraja mahali palipowekwa alama ya rangi, sawa na kila nguzo, upande maji yanakotoka. Teremsha jiwe mpaka liguse chini. Soma. Andika. Pima tena masika yakiisha na maji yakitulia, mahali pale pale. Mfano: "Nguzo ya pili, kabla ya masika mita 4 na nusu. Baada ya masika mita 5 na robo." Hapo kitanda cha mto kimeshuka robo tatu ya mita. Mtoto wa darasa la nne anaweza kulitoa jibu hilo, na mhandisi atalishukuru. Kama maji yamekauka kabisa, chomeka fimbo ya chuma kando ya nguzo. Ikizama kwa urahisi hapo na kugoma hatua chache mbali, huenda umelipata lile shimo linalojificha.

Tunaonya: usipime wakati wa mafuriko. Usiingie majini, mamba wapo, na shimo lenyewe lipo. Kipimo kimoja hakina thamani ya mtu.

Kazi ya tatu ni macho. Chungulia kwenye ukingo wa pembeni wa daraja kama fundi seremala anavyochungulia ubao. Umenyooka, au kuna mahali umeshuka? Nguzo imeinama? Kuna ufa mpya? Barabara imetitia pale inapokutana na daraja? Mawe yaliyokuwa yamezunguka msingi yako wapi? Msingi uliokuwa chini ya mchanga mwaka jana unaonekana mwaka huu? Simu ya mkononi yenye kamera inasaidia: piga picha ukisimama pale pale kila mwaka. Ukiona daraja limeshuka au nguzo imeinama, kwanza wazuie watu kupita pande zote mbili, hata kwa matawi ya miti. Barua inafuata baadaye.

Katika darasa lile tuliandika barua kwa pamoja, kila mwanakisomo akatoa sentensi yake. Haikuwa na maneno ya kubembeleza wala ya kutukana, kwa maana tulitaka isomwe hadi mwisho. Tunaiweka hapa, tumeondoa majina, upate kuona ilivyokaa:

"Kwa Mtendaji wa Kata. Nakala kwa Mhandisi wa Barabara, Wilaya.

YAH: DARAJA LA MTO WETU, NJIA YA ZAHANATI

Sisi wanakijiji tunakuletea taarifa tuliyopima wenyewe. Daraja lina nguzo mbili. Nguzo ya kwanza imejengwa juu ya mwamba. Nguzo ya pili, upande wa ng'ambo, imejengwa juu ya changarawe na mchanga, kina cha kama kimo cha mtu mmoja. Habari hii imetoka kwa mzee aliyekuwa kibarua wa ujenzi, yuko hai, na yuko tayari kuonyesha.

Kabla ya masika kamba yetu ilishuka mita 4 na nusu kwenye nguzo ya pili. Baada ya masika ilishuka mita 5 na robo. Kwenye nguzo ya kwanza haikubadilika.

Gogo kubwa limenasa kwenye nguzo ya pili. Tumepanga kuliondoa Jumamosi ijayo, maji yakiwa kidogo.

Mchanga unachotwa chini ya daraja, hatua 150. Mkutano wa kijiji umekubali kuuhamisha machimbo.

Tunaomba mhandisi afike kabla ya mvua za vuli. Daraja linatumiwa na watoto wa shule, na njia nyingine ya zahanati ni mwendo wa saa tatu kwa miguu.

Daftari la vipimo linakaa kwa Mwenyekiti wa Kijiji."